Rangi Isiyotulia Ukutani

Kadi ya rangi inayotolewa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Kilwa Masoko ni karatasi ngumu yenye vipande vilivyopangwa safu kwa safu: rangi ya maziwa, ya ndimu, ya udongo, ya bahari, damu ya mzee. Kila kipande kina namba yake. Mwenye nyumba anaonyesha kwa kidole, muuzaji anasoma namba, rangi inachanganywa kwenye ndoo ya lita 20, ndoo inatikiswa, inafungwa na kupakiwa kwenye bajaji. Hadi hapo hakuna mwenye shaka. Shaka huanza rola inapopita ukutani mara ya kwanza.

"Fundi, hii siyo niliyoichagua."

"Ndiyo yenyewe, mama. Namba si hii hapa kwenye kifuniko? Iache ikauke kwanza."

Inakauka, na bado siyo. Rangi ya maji kwa kawaida hukoza kidogo ikikauka, kwa hiyo iliyokuwa ya maziwa sasa inaelekea kwenye udongo. Saa moja asubuhi chumba kina ukijivu. Saa sita mchana ukuta umekuwa mweupe wa kuumiza macho. Saa kumi na moja jioni umeingia uwaridi, na usiku taa ikiwashwa umekuwa kitu kingine kabisa. Ndoo ni ileile. Muuzaji hakudanganya, fundi hakukosea kipimo, na mama mwenye nyumba si mkorofi. Wote watatu wamegongana na swali lililowashughulisha wanazuoni kwa zaidi ya miaka elfu moja: rangi yenyewe iko wapi? Imo ndani ya ndoo, iko juu ya ukuta, iko kwenye mwanga, au iko katika jicho la anayetazama?

Swali hili lina kwao pwani ya Lindi. Ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari kutoka Masoko, Kilwa Kisiwani, yamesimama magofu ya watu waliolijibu kwa namna yao: walipaka nyeupe. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale zaidi ni ya karne ya 11 na ukapanuliwa sana katika karne ya 14. Kasri la Husuni Kubwa lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Nyumba za Songo Mnara kusini kidogo: vyote ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na kufunikwa kwa chokaa. Ibn Battuta alishuka hapa mwaka 1331, wakati kuta hizo zikiwa bado mpya. Mwaka 1505 Mjerumani aitwaye Hans Mayr, aliyekuwa ndani ya meli za Francisco de Almeida zilizokuja kuuteka mji, aliandika kwamba nyumba zake zilikuwa za ghorofa, za mawe na chokaa, na lipu yake ilikuwa na nakshi za namna mbalimbali. Wavamizi huwa hawaoni haya kusifia wanachokwenda kukipora.

Namna chokaa hiyo inavyopatikana inastahili kuangaliwa taratibu, maana jibu la nusu ya swali limo humo. Matumbawe hupangwa juu ya lundo la magogo, moto ukawashwa, joto likafika nyuzi 900 hivi. Hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe hutoka, na kinachobaki ni chokaa kali inayochemka ikimwagiwa maji. Ikishazimwa, huachwa ilale hadi iwe laini. Mfundishwaji anayeipaka ukutani kwa mara ya kwanza hudhani amedanganywa: brashi inaacha utando wa majimaji wenye ukijivu, jiwe linaonekana chini yake, weupe haupo. Asiyejua huongeza chokaa ili iwe nzito, na siku chache baadaye ukuta wake unapasuka na kubanduka magamba. Anayejua hupaka nyepesi na kusubiri. Ukuta unavuta tena kutoka hewani ile hewa iliyofukuzwa na moto, chokaa inarudi kuwa jiwe, na weupe unajitokeza wenyewe, siku ya pili zaidi ya siku ya kwanza. Mpakaji hakuuona alipokuwa akiupaka.

Na weupe wenyewe si mmoja. Ukuta wa chokaa ukiwa safi hurudisha zaidi ya robo tatu ya mwanga unaoupiga, na huutawanya kila upande. Upande wa kivulini, ambako mwanga unatoka angani tu na si kwenye jua, una ubuluu. Karibu na mlango unaoelekea kwenye mchanga wa pwani una umanjano. Chini ya mwarobaini una ukijani. Ukienda bara kidogo, kwenye udongo mwekundu wa miinuko ya Lindi, ukuta huohuo unaona haya.

Tusiwape wazee falsafa wasiyoidai. Walipaka chokaa kwanza kwa sababu matumbawe yalikuwa mbele ya mlango na mikoko ya kuyachomea ilikuwa nyuma ya nyumba. Lakini haikuwa kwa kukosa rangi nyingine. Udongo mwekundu upo, masizi yapo, na nyumba za miti na udongo zinazokandikwa hadi leo katika vijiji vya Kilwa na Lindi zina kuta za kahawia, za chungwa na za kijivu, kwa kadiri ya shimo lililochimbwa udongo. Wala watu wa Kisiwani hawakuwa maadui wa rangi. Waliagiza kauri za kijani kutoka Uchina na vyombo vya mng'aro kutoka Ghuba. Katika msikiti mdogo wa kuba, ambao ni miongoni mwa majengo yaliyosalimika vizuri zaidi kisiwani, mabakuli yaliwekwa ndani ya dari yenyewe, yakamezwa na chokaa isipokuwa uso wake. Anayeinua macho huona rangi ikiwa na mipaka, imezungukwa na weupe. Ukuta ulikuwa wa mwanga. Rangi ilikuwa ya vitu.

Mtu aliyeeleza vizuri zaidi kinachotokea kwenye ukuta wa aina hii hakuwahi kufika Kilwa. Abu Hamid al-Ghazali alifariki mwaka 1111, wakati mji huu ukiwa bado unainukia, lakini vitabu vyake vimesomeshwa katika madrasa za pwani kwa vizazi. Kimoja, Mishkat al-Anwar, kimejengwa juu ya aya ya 35 ya Sura An-Nur, ile inayotaja shubaka lenye taa. Humo Ghazali anamleta mtu anayetazama majani mabichi mchana kweupe. Mtu huyo hana shaka kwamba anachokiona ni kijani, na akiulizwa kama anaona kitu kingine pamoja nacho, atakana. Nuru haioni. Haioni kwa sababu imeenea kote na haijawahi kukosekana. Jua linapozama na kijani kikafifia ndipo anagundua kwamba muda wote alikuwa akiona vitu viwili, na kwamba kile alichokuwa hakioni ndicho kilichomwonyesha kile alichokiona.

Ghazali anautumia mfano huu kuzungumzia namna Mwenyezi Mungu anavyofichika kwa wingi wa kudhihiri kwake, na anaongeza ugumu mmoja: nuru ya jua angalau huzama, ikatuachia nafasi ya kulinganisha, lakini ile nyingine haizami. Hapo ndipo hoja yake inapowahusu hata wasioshughulika na rangi. Lakini mwenye nyumba anayejaribu rangi anaweza kuanzia kwenye sehemu ile nyepesi. Anapotazama kadi dukani anafanya lile kosa la mtu wa majani mabichi: anadhani ananunua kijani. Anachonunua ni nusu ya kijani. Nusu nyingine iko dirishani kwake na haiuzwi kwa lita.

Magofu ya Songo Mnara na Husuni Kubwa bado yana mashubaka ukutani, ya kuwekea taa na vyombo. Mtu akisimama mbele ya mojawapo anaelewa kwa nini mfano wa aya hiyo ulikuwa rahisi kueleweka pwani. Shimo dogo ndani ya ukuta mweupe hukusanya mwali mdogo wa mafuta na kuutoa ukiwa mkubwa. Ukuta mweusi ungeumeza.

Kuna mji mmoja ambao lazima utajwe katika habari ya rangi, nao ni Basra, bandari iliyokuwa ikipokea majahazi kutoka pwani yetu tangu zamani sana. Wanazuoni watatu waliohusiana na Basra walitoa majibu matatu. Abu Ali al-Jubbai, kiongozi wa huko wa Wamu'tazila, kundi mojawapo la wanazuoni wa akida, alishikilia kwamba rangi ikishakuwa katika kitu hudumu humo. Mwanafunzi wake Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki karibu mwaka 936, alimwacha mwalimu wake, na wafuasi wake wakafundisha kinyume: rangi ni sifa ya kupita isiyodumu nyakati mbili. Inayoonekana sasa si ile ya kufumba na kufumbua jicho iliyopita. Mungu anaiumba upya kila wakati. Wa tatu, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufanya kazi zake kubwa Cairo, aliliacha suala la uumbaji na kwenda kutazama. Katika kitabu chake cha elimu ya kuona alibainisha kwamba vitu vyenye rangi nzito, kama buluu iliyokolea au nyekundu ya divai, huonekana karibu na weusi mahali penye giza, na rangi yake hung'aa na kujulikana mwanga ukizidi. Alilisema hilo kwa kupima, si kwa kukisia.

Watu wa pwani hii ni wa madhehebu ya Shafii, kama Ibn Battuta alivyowakuta, na katika akida wengi wao ni wa njia ya Ash'ari. Kwa hiyo kwa nasaba ya elimu, jibu la Kilwa kuhusu rangi ni lile la pili, linaloonekana kuwa la ajabu kuliko yote. Ukuta wa sebule hauna rangi ya kudumu. Unapewa, na unapewa tena.

Msomaji wa leo atacheka, lakini acheke taratibu. Jibu la Jubbai ndilo jibu la kadi ya rangi: namba hii ni rangi hii, popote na saa yoyote. Nalo ndilo linaloshindwa ukutani kila siku. Jibu la Ash'ari linamwandaa mtu kwa yatakayomkuta. Na si kweli kwamba linamwacha bila mwongozo, maana wanazuoni wa njia hiyo waliulizwa mapema: kama kila kitu kinaumbwa upya kila wakati, mbona moto unachoma leo kama ulivyochoma jana? Wakajibu kwamba Mungu amejaalia ada, desturi ya mambo kufuatana kwa mpangilio, na binadamu hujifunza ada hiyo kwa kuishuhudia ikijirudia. Kujaribu rangi nyumbani ni kujifunza ada ya chumba. Sentensi hiyo ingewashangaza wote wawili, mwanachuoni na fundi, lakini ukimtazama fundi mzuri akifanya kazi, ndicho anachokifanya.

Fundi mzuri hapaki kipande cha kiganja katikati ya ukuta mtupu. Anapaka mapande mapana, angalau upana wa mlango, mawili au matatu katika kuta tofauti: moja mkabala na dirisha, moja kando yake ambako mwanga unapita kwa mshazari, na moja kwenye kona ya giza. Anapaka mikono miwili, kwa sababu mkono mmoja huonyesha kilicho chini yake, iwe jipsam, saruji au rangi ya zamani. Hapaki juu ya rangi ya zamani iliyokoza bila kuizungushia nyeupe kwanza. Kisha anamwambia mwenye nyumba asiseme neno hadi kesho yake usiku. Wenye nyumba wengi hawawezi, na mafundi wengi wanaolipwa kwa chumba hawana muda wa kuwasubiri.

Ulaya ilichelewa kidogo, lakini ilipofika ilikwenda upande mwingine. John Locke, mwaka 1690, aliigawa dunia mara mbili: umbo na ukubwa ni vya kitu chenyewe, rangi ni ya anayetazama. Newton alikuwa amekwisha kuupitisha mwali wa jua kwenye kioo cha pembe tatu na kuonyesha kwamba ndani ya weupe mmezikwa rangi zote. Hoja hizi mbili zimekuwa msingi wa namna shule zetu zinavyofundisha somo la mwanga, na zina nguvu. Lakini hazimsaidii sana mama mwenye nyumba, ambaye akiambiwa kwamba rangi iko machoni pake atauliza, kwa haki kabisa, kwa nini basi amelipia ndoo nne.

Aliyemsaidia zaidi ni mkemia Michel Eugène Chevreul, msimamizi wa upakaji rangi katika karakana ya mazulia ya Gobelins mjini Paris. Alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za karakana hazikolei. Alizichunguza akakuta weusi wake hauna kasoro. Tatizo lilikuwa nyuzi za buluu na zambarau zilizosukwa kando yake, zilizokuwa zikiufifisha. Kitabu chake cha mwaka 1839 kinaeleza namna rangi zinavyobadilishana sura kwa kukaa jirani. Sebule ya Lindi inalithibitisha hilo kila siku. Ukuta wa kijani hafifu ukiwa mtupu unapendeza. Makochi mekundu yakiingizwa, unakuwa kijani cha zahanati. Mkeka wa ukili wenye milia ya zambarau na kijani hutulia mbele ya chokaa na hugombana na ukuta wa waridi. Wanaopaka kabla ya kuleta vyombo wanachagua rangi ya chumba ambacho hakuna atakayeishi ndani yake.

Hapa kuna jambo la ramani ambalo vitabu vya mapambo vinavyotoka Ulaya na Marekani hulikosea kwa ajili yetu. Humo chumba chenye dirisha la kaskazini huitwa cha baridi, kisichopata jua, na mwenye nacho hushauriwa atumie rangi za joto. Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, Lindi nyuzi 10. Hapa jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba, na upande wa kusini kwa miezi minne iliyobaki. Dirisha la kaskazini ndilo lenye jua kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ushauri wa London ukifuatwa Nangurukuru, chumba chenye joto kinapakwa rangi ya moto.

Usiku nao una mambo yake. Wakati wa koroboi, ukuta wowote ulikuwa wa manjano baada ya magharibi na hakuna aliyelalamika. Sasa umeme upo. Gesi ya Songo Songo, kisiwa kilicho ndani ya wilaya hiihii ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2004. Balbu nyingi zinazouzwa madukani zimeandikwa 6500K, mwanga mweupe wenye ubuluu unaofanya rangi ya maziwa ionekane imechacha na nyuso za wageni zionekane zimetoka hospitali. Balbu iliyoandikwa 3000K, yenye umanjano, ingebadilisha chumba chote kwa bei ndogo kuliko galoni moja. Watu hupaka upya nyumba nzima kwa kosa la balbu.

Lakini ikiwa rangi ni mwanga tu na jicho tu, basi ingekuwa haina mwili, na mwili inao. Njano na nyekundu kali za rangi za mafuta zilitengenezwa kwa muda mrefu kwa madini ya risasi. Uchunguzi wa shirika la AGENDA la Dar es Salaam na wenzake wa mtandao wa IPEN ulikuta risasi nyingi katika baadhi ya rangi za mafuta zilizokuwa zikiuzwa Tanzania. Kiwango cha Afrika Mashariki sasa hakiruhusu kuzidi sehemu 90 kwa milioni, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Risasi haisubiri jua lichomoze ndipo ifanye kazi. Imo kwenye vumbi la msasa, kwenye magamba yanayodondoka dirishani, kwenye vidole vya anayetambaa. Hapo Jubbai anapata haki yake: kuna kitu kinachodumu ndani ya ukuta, ila si kile kinachoonekana.

Na ukuta wa pwani una mwili wa namna nyingine, chumvi. Tofali zilizofyatuliwa kwa mchanga wa ufukweni hutoa chumvi kwa miaka, na rangi iliyofunga ukuta kama mfuko wa nailoni huvimba na kubanduka. Chokaa hupumua, unyevu unapita na kutoka. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati uliorudisha chokaa mahali pake. Tanuri za chokaa ya matumbawe, hata hivyo, si kitu cha kurudisha kila kijiji. Miamba ya bahari na mikoko imeshapunguzwa vya kutosha kuanzia hapa hadi Mikindani.

Limebaki suala ambalo mafundi hulicheka na mashekhe hulikemea: rangi inapakwa kwa ajili ya nani? Kabla ya Daraja la Mkapa juu ya Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, gari la mizigo la Lindi lilisubiri pantoni, na mvua zikichachamaa barabara ilikatika. Ndoo ya rangi ilikuwa kitu cha safari. Siku hizi inafika kwa saa chache, na uchaguzi umekuwa mpana. Sebule inapata rangi ya gharama inayong'aa na kufutika kwa kitambaa. Vyumba vya kulala vinapata ya bei ya kati. Jikoni, ambako kuna moshi, mvuke na mtu anayesimama saa nyingi kuliko wote, kunapakwa masalia ya ndoo zote yaliyochanganywa pamoja. Ghazali ana mlango mzima juu ya riya, yaani kujionyesha, katika kitabu chake cha Ihya, na hakuhitaji kuona sebule ya Kitanzania ili auandike.

Dini haikukataza uzuri wa nyumba. Kuna hadithi katika Sahihi Muslim inayosema Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na katika kitabu hichohicho kuna habari ya Mtume kutoridhia pazia lililotandazwa kuvika mawe na udongo wa nyumba. Wanazuoni wamezisoma pamoja bila kuona mgongano, na wengi wameiona hiyo ya pili kuwa ni karaha tu. Kipimo walichokiacha ni israfu: si rangi gani, ila kiasi gani na kwa mali ya nani. Kwa kipimo hicho, anayejaribu mapande matatu na kusubiri siku mbili hachezei mali. Anayepaka nyumba nzima kwa namba ya kadi na kurudia mwezi ujao ndiye anayeichezea.

Haya yote hayampi mtu jibu la moja kwa moja kuhusu nyeupe au ya maziwa. Yanampa ratiba. Mafundi wengine, wakipewa nafasi, hupaka mikono miwili kwenye kipande cha jipsam bodi badala ya ukutani, kikahamishwa chumba hadi chumba, asubuhi na usiku, kikasimamishwa nyuma ya kochi na kando ya pazia. Kipande hicho kina faida moja ambayo ukuta hauna: kinaweza kuwekwa hadi jua libadili upande. Nyumba nyingi hupakwa kiangazi, Julai na Agosti, mvua zikiwa mbali na jua likiingia kwa dirisha la kaskazini. Katikati ya Oktoba jua linapita utosini, likahamia kusini, na Desemba kaskazi ikivuma mwanga unaingia kwa dirisha ambalo hakuna aliyelifikiria wakati wa kuchagua. Fundi kwa wakati huo ameshalipwa na yuko kwenye nyumba nyingine huko Somanga. Simu yake haipatikani.